Kliniki ya Meno ya Siku Chache na Kazi ya Wenye Kujitolea

Ndugu msomaji, umekwisha kusikia habari za wageni wanaotoka nchi za mbali, wanafungua vitu vyao shuleni au kanisani, wanang'oa meno ya watu siku chache, kisha wanarudi kwao. Watu huuliza maneno mawili juu yao. Mgonjwa anauliza: Je, ni salama kukaa katika kiti chao? Na mtu wa kanisa anauliza: Mimi si mganga, nitasaidia nini? Maana vijana wetu wanaojua Kiswahili pamoja na Kifaransa au Kiingereza huweza kuombwa kwenda kutafsiri, hata ng'ambo ya mpaka. Katika somo hili tutajibu maneno hayo mawili. Tutachukua mfano wa kazi iliyofanyika Tanzania, upande wa Ziwa Victoria, kwa sababu wagonjwa wa kule husema lugha yetu na shida zao ni kama zetu.

Kwanza tujue sababu ya watu kukusanyika wengi hivyo. Jino si kama kidonda cha mguu, ambacho mwili hukifunga wenyewe. Vijidudu vya kinywani hula sukari iliyobaki juu ya jino, hutoa ukali kama wa ndimu, na ukali huo hutoboa jino polepole. Tundu likifika kwenye kiini cha jino, hapo ndipo mtu hukosa usingizi. Kisha siku moja maumivu yanakoma, naye anasema, "Nimepona." Hajapona. Kiini kimekufa, na vijidudu vinashuka katika mzizi mpaka mfupa wa taya. Usaha unatafuta njia ya kutoka. Mara nyingi hutokea kwenye ufizi au shavuni, lakini usaha wa magego ya chini unaweza kushuka chini ya ulimi na kuingia shingoni. Ukiona mtu mwenye jino bovu amevimba chini ya kidevu pande zote mbili, ulimi umeinuka, hawezi kumeza mate yake wala kufungua kinywa, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali usiku uleule, maana uvimbe huo hufunga njia ya pumzi, na mtu hufa kwa sababu ya jino moja.

Wenye kazi hii ni wachache. Shirika la Afya la Dunia lilitoa taarifa mwaka 2022 kwamba watu karibu milioni 3500 duniani wana ugonjwa wa kinywa. Katika nchi zetu za Afrika waganga wa meno walihesabiwa kuwa kama 33 kwa watu 1,000,000, yaani sehemu moja tu ya kumi ya hesabu ya dunia nzima, tena wengi wao wanakaa mijini. Lakini msifikiri kwamba shida hii ni ya Afrika peke yake. Kule Marekani, mwaka 1985, mtu mmjoa jina lake Stan Brock alianzisha chama kiitwacho Remote Area Medical, kwa nia ya kupeleka waganga kwa watu wa nchi maskini. Haukupita muda mrefu akaona wenye shida wako hata Marekani kwenyewe. Katika milima ya Virginia watu walilala ndani ya motokari zao usiku kucha, wakingoja kung'olewa jino asubuhi bila malipo.

Sasa tufike Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 chama cha Uingereza kiitwacho Bridge2Aid kilianza kazi katika mji huo, ambao ni bandari ya Tanzania kwenye Ziwa Victoria. Waganga wa meno na wauguzi wao waliacha kazi zao Uingereza kwa majuma mawili hivi, wakatafuta fedha za safari wenyewe, wakaenda mpaka vituo vya afya vya vijijini. Wangeweza kufanya kama wengi wanavyofanya: kung'oa meno tangu asubuhi mpaka jioni, kuyahesabu, kupigwa picha, na kupanda ndege. Lakini waliona neno moja. Mgeni akiondoka Jumamosi, nani atamtazama mtu ambaye jino lake litamwuma Jumapili?

Kwa hiyo walichagua kufundisha. Wanafunzi wao walikuwa waganga wasaidizi wa serikali, ambao kule Tanzania huitwa matabibu. Tabibu amekwisha kujua kupiga sindano, kushona kidonda na kutambua magonjwa mengi, naye anakaa kijijini mwaka mzima. Kilichopungua ni ujuzi wa kulifisha taya ganzi na kung'oa jino bila kuvunja mizizi, pamoja na vyombo vya kufanyia hivyo. Mwalimu na mwanafunzi walisimama pamoja penye kiti kimoja. Mwanafunzi alianza kwa kutazama, kisha akafanya huku mwalimu akimwongoza mkono, na mwishoni akafanya mwenyewe huku mwalimu akitazama. Mganga wa meno wa wilaya, ambaye ni Mtanzania, alijua kazi hiyo na kuisimamia, maana ndiye atakayebaki na tabibu huyo baada ya wageni kuondoka.

Njia hii ni ya polepole. Jino ambalo mganga mzoefu angeling'oa kwa dakika 5 huweza kuchukua nusu saa katika mikono ya anayejifunza. Safu ya watu haisogei upesi, na wako wanaonung'unika. Tena mgonjwa ana haki kuambiwa waziwazi kwamba anayemtibu anajifunza, na kwamba mwalimu yuko karibu. Akikataa, asilazimishwe wala asirudishwe nyuma ya safu. Hata hivyo sisi tunaona njia hii ni bora kuliko kung'oa meno mengi na kuondoka. Wageni wa siku 10, hata wakiwa hodari sana, hawawezi kumaliza meno mabovu ya wilaya moja. Mwezi ujao mengine yatauma.

Hebu tuone sasa jinsi kliniki inavyokwenda kwa siku moja, ili mtu wa kanisa ajue mahali pa kusimama.

Watu hufika kabla ya jua. Mmoja anaandika majina na kugawa namba. Kazi hii ionekane ndogo au kubwa, amani ya siku nzima iko juu yake. Mtu wa kwanza katika safu si lazima awe wa kwanza kutibiwa: mwenye shavu lililovimba na homa, mtoto anayelia, mama mwenye mimba, hao huitwa mbele. Lakini ndugu wa mchungaji au wa chifu asiitwe mbele kwa sababu ya jina lake. Watu wanaona, na wakiona hivyo mara moja hawaamini namba tena.

Kisha mwuguzi anauliza maswali. Je, una ugonjwa wa moyo? Damu yako ina mbio? Una sukari? Ulipojikata zamani, damu ilikawia kukoma? Katika nyumba yenu yuko mwenye ugonjwa wa seli mundu? Unakunywa dawa gani kila siku? Ndugu mgonjwa, usifiche neno hapa kwa kuogopa kwamba watakufukuza. Mwenye damu isiyokoma akificha, jambo dogo linakuwa hatari, na kliniki ya siku chache haina damu ya kumwongezea. Huyo atapelekwa hospitali kubwa, na kufanya hivyo si kumdharau.

Baada ya maswali mganga hutazama kinywa na kugonga meno moja moja kwa mpini wa chombo chake. Afanya hivi kwa sababu maumivu ya jino hudanganya. Jino la chini linaweza kuuma mpaka sikioni, na mgonjwa huonyesha kwa kidole jino zima la jirani. Usikasirike ukiulizwa mara tatu, maana jino lililokwisha kung'olewa halirudishwi.

Hapo mfasiri ana kazi kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Neno "mshipa" kwetu ni mshipa wa damu, ni mshipa wa fahamu, tena watu huita hata ngiri mshipa. Mgonjwa akisema, "Mshipa unanivuta," mfasiri asibuni, amwulize ni wapi na namna gani. Jambo jingine: mgonjwa akiambiwa kwamba atapigwa "dawa ya usingizi", atadhani atalala, naye ataogopa kutoamka. Mwambieni ni ganzi tu: mdomo wake utakuwa mzito kwa saa mbili au tatu, lakini macho yake yatakuwa wazi. Tena mwambieni mapema kwamba ganzi huondoa uchungu wala haiondoi kusukumwa. Atasikia mkono wa mganga ukisukuma kwa nguvu, atasikia na mlio katika mfupa, na hayo si dalili ya dawa kushindwa. Lakini akisikia uchungu mkali kama wa kisu, na ainue mkono. Mganga atasimama na kuongeza dawa. Mfasiri asiseme kamwe, "Vumilia tu," kwa kuwa safu ni ndefu.

Wako pia wanaoamini kwamba kung'oa jino la juu huharibu macho. Si kweli. Mizizi ya meno ya juu haifungwi na jicho. Mtu akiuliza hayo asichekwe, ajibiwe.

Sasa tuje mahali ambapo tunataka wasomaji wakae kidogo, nalo ni jiko la kusafishia vyombo. Wageni hupenda kusimama kwenye kiti, na wenyeji hupenda kutazama kwenye kiti. Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote iko nyuma ya nyumba, penye beseni na moto. Koleo lililotoka katika kinywa cha mtu lina damu yake. Kijidudu cha ugonjwa wa ini, kiitwacho hepatiti B, huweza kukaa hai katika damu iliyokauka muda wa siku 7. Mtu akija na jino bovu akarudi na ugonjwa wa ini au wa UKIMWI, ingekuwa heri abaki na jino lake.

Kazi ile huenda hivi. Vyombo vyenye damu hulowekwa mara moja, damu isikauke. Mwenye kuosha huvaa mipira minene ya mikono na kitambaa cha macho, husugua kila chombo kwa brashi na sabuni, chini ya maji yenyewe ili matone yasiruke. Kusugua huku hakuachwi hata siku moja, maana mvuke haupiti katika damu iliyoganda. Kisha vyombo huingia katika sufuria la mvuke, lenye kifuniko cha kufunga kwa nguvu. Zamani vitabu vya afya vilifundisha kuchemsha katika maji kwa dakika 20. Leo tunajua haitoshi. Vipo vijidudu vyenye ganda visivyokufa katika maji yanayochemka, tena mahali pa juu kama Bukavu maji huchemka kwa joto la 95 hivi, kabla ya kufika 100. Mvuke uliofungwa hufika 121, na vyombo vikae katika joto hilo si chini ya dakika 15, afadhali 20. Dakika huhesabiwa tangu mvuke ulipopata nguvu yake, wala si tangu sufuria lilipowekwa motoni. Sindano haisafishwi. Kila mtu na sindano yake mpya, na ikiisha kazi iingie katika sanduku gumu, lichomwe baadaye.

Fanya hesabu kidogo. Kama kliniki ina vyombo vya watu 10, na kuosha, kupika na kupoza huchukua saa moja na nusu, basi hata wakija waganga 6 kutoka ng'ambo hawawezi kutibu watu zaidi ya 10 kwa saa moja na nusu. Mwenye kupima mwendo wa siku ile ni mama aliyekaa na jiko. Siku mtu mkubwa atakapomwambia afanye haraka kwa sababu watu ni wengi, na akatae. Ana haki.

Mtu yeyote anayetaka kusaidia penye damu apate kwanza chanjo ya hepatiti B. Hiyo hupigwa mara tatu, ya mwisho miezi 6 hivi baada ya ya kwanza, kwa hiyo si jambo la kukumbuka juma la safari. Akichomwa na sindano iliyotumika, aoshe mahali pale kwa maji na sabuni, asikamue, na aende kwa mganga saa ileile. Ziko dawa za kuzuia UKIMWI ambazo lazima zianze kabla ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yao.

Kuna mambo mengine ambayo mgeni hayajui, na mwenyeji anaweza kumwambia. Watu wa pande za Arusha na Meru wana meno yenye madoa ya rangi ya udongo. Mgeni huweza kudhani hawapigi mswaki. Madoa hayo yanatoka katika maji ya kunywa yenye floraidi nyingi mno, waliyokunywa tangu utoto. Huwezi kuyaondoa kwa kusugua. Jingine ni zito zaidi. Katika sehemu za Tanzania, Uganda na kwetu Congo, mtoto mchanga akipata homa na kuhara, wako watu wanaosema ana "meno ya plastiki" au ya nailoni. Wanakata ufizi wake kwa kisu au spoki ya baisikeli na kutoa vitu vyeupe. Vitu vile si ugonjwa. Ni meno yake ya chonge ambayo hayajaota. Mtoto hupoteza damu, hupata vijidudu, na baadhi yao hufa. Na kuhara kwenyewe hakukutibiwa. Mtoto anayehara hutaka maji ya chumvi na sukari, maziwa ya mama, na hospitali. Mwenye kutafsiri katika kliniki akimwona mama wa namna hii, asimpigie kelele mbele ya watu. Mama yule aliogopa mtoto asife, ndiyo sababu alimpeleka.

Je, mtu anayekuja kujitolea lazima awe nani? Ikiwa atashika koleo, awe mganga wa meno mwenye cheti katika nchi yake, na awe amepata ruhusa ya nchi anayoingia. Nchi ya Tanzania ina sheria juu ya waganga na waganga wa meno, na mgeni hujiandikisha kabla ya kugusa mgonjwa. Mwanafunzi ambaye kwao haruhusiwi kung'oa jino peke yake, haruhusiwi kwetu pia. Tumesikia watu wakisema, "Lakini hawa maskini hawana mwingine." Neno hilo halitupendezi. Taya la maskini huvunjika kama la tajiri, na maskini hana mahali pa kwenda kulitengeneza.

Tena si kila jino bovu ni la kung'oa. Katikati ya miaka ya 1980, katika shule ya waganga wa meno ya Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walitafuta njia ya kuziba meno mahali pasipo umeme. Waliondoa uozo laini kwa vyombo vya mkono vinavyofanana na kijiko kidogo, bila mashine ya kuchimba, wakaziba tundu kwa saruji inayoshika jino. Njia hii iliyoanza Tanzania ilijaribiwa Thailand na Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya la Dunia liliisifu mbele ya mataifa yote. Kwa tundu dogo ambalo halijafika kwenye kiini inafaa sana. Kwa hiyo ukienda kliniki, usingoje mpaka jino liume usiku. Na ukinunua dawa ya meno, soma juu ya sanduku lake: iwe na floraidi 1000 mpaka 1500 ppm. Piga mswaki mara mbili kwa siku, tema povu, wala usisukutue kwa maji mengi baadaye.

Mgonjwa akisha kung'olewa jino huuma kitambaa cha shashi kwa dakika 30. Asichungulie kila mara kama damu imekoma, maana kuchungulia ndiko kunakoifungua. Siku ile asisukutue, asiteme kwa nguvu, asivute tumbako, asinywe pombe. Asile mpaka ganzi iishe, asije akauma mdomo wake mwenyewe. Watoto hufanya hivyo mara nyingi. Siku ya pili aanze kusukutua polepole kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Kwa maumivu anywe parasetamoli, si aspirini, kwa kuwa aspirini hufanya damu itoke. Maumivu hupungua kila siku. Yakizidi siku ya tatu, pamoja na harufu mbaya, au uvimbe ukianza upya, au homa, lazima arudi.

Lakini arudi kwa nani, kama wageni wamekwisha kuondoka? Hili ndilo swali ambalo wazee wa kanisa wanapaswa kuwauliza wageni kabla ya kuwafungulia mlango wa shule, katika barua ya kwanza kabisa. Ni nani hapa atakayewatazama wagonjwa siku ya tatu? Amefundishwa na nani? Jina lake limeandikwa juu ya kikaratasi ambacho kila mgonjwa atapewa? Ataachiwa koleo ngapi, sindano ngapi na ganzi kiasi gani, na zikiisha atanunua wapi, na kwa fedha za nani? Mganga mkuu wa zone ya afya amearifiwa? Wageni wenye nia njema hawachukizwi na maswali haya. Wengi wao wamekwisha kuyaandika wenyewe, na barua yao ya pili huja na majibu.